Interni wapya, acheni kukimbilia sindano ya testosteroni

Kila kundi jipya likiingia kliniki linaturudisha palepale. Mwanamume kaja na mkewe, wanatafuta mtoto, testosteroni (homoni ya kiume) imesoma chini, na faili tayari limeandikwa sindano ya testosteroni enantheti mg 250. Jamani! Hebu turudi kwenye seli za Leydig, zile zinazotengeneza testosteroni ndani ya korodani.

1. Anayeziamrisha ni LH, homoni ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo. FSH, homoni nyingine ya tezi hiyohiyo, inaamrisha seli za Sertoli, walezi wa mbegu; msizichanganye. LH ikishika kipokezi chake, cAMP (mjumbe wa ndani ya seli) inapanda, kimeng'enya PKA kinaamka, na protini StAR inaingiza kolesteroli kwenye utando wa ndani wa mitokondria, ambako kimeng'enya CYP11A1 kinaigeuza pregnenoloni, malighafi ya testosteroni. Seli hizi hazina ghala la testosteroni: zinatengeneza na kutoa papo hapo. LH ikikatika, uzalishaji nao unakatika.

2. Sasa hiyo sindano. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoiongoza pituitari, haijui kama testosteroni imetoka korodani au famasi. Ikiona ipo ya kutosha inabana GnRH, homoni yake ya kuiamrisha pituitari, na pituitari inapunguza LH na FSH. Kipimo cha damu kinarudi kizuri, mgonjwa kachangamka, nanyi mnapongezana. Kumbe ndani ya korodani, ambako kwa kawaida testosteroni huwa makumi ya mara zaidi ya ile ya kwenye damu, imeporomoka, na hakuna dozi ya msulini inayoweza kuirudisha kiwango hicho. Mbegu haziundwi bila kiwango hicho. Baada ya miezi michache shahawa hazina kitu, korodani zimesinyaa, na mke anaulizwa na mawifi. Hili si jambo la kubahatisha: katika utafiti wa WHO uliochapishwa 1990, wanaume 271 walichomwa enantheti mg 200 kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango, na 157 kati yao walifikia kutokuwa na mbegu kabisa ndani ya miezi 6. Yaani mmempa anayetafuta mtoto dawa ya kuzuia mtoto! Akiacha, mbegu za wengi hurudi, ila kwa miezi 6 hadi 12, wengine zaidi.

3. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula, na irudiwe siku nyingine. Iliyotolewa saa 9 alasiri haina la kutuambia. Omba LH na FSH kwa pamoja. LH juu na testosteroni chini, tatizo liko korodani. Testosteroni chini na LH ‘ya kawaida’ ndipo wengi mnapotelezea: pituitari iliyo nzima ingekuwa imeshapandisha LH, kwa hiyo kasoro iko juu, kwenye pituitari au haipothalamasi. Pima prolaktini (homoni ya maziwa), maana ikizidi inazima GnRH, na uliza kuhusu dawa: haloperidoli na metoklopramidi hupandisha prolaktini, na tramadoli hubana GnRH.

4. Tatizo likiwa juu na anataka mtoto, hCG (homoni ya ujauzito, hapa kama sindano) inashika kipokezi kilekile cha LH, tena inakaa damuni muda mrefu zaidi: IU 1,500 hadi 2,000, mara 2 au 3 kwa wiki. Msirundike dozi, vipokezi huzama ndani ya seli na mwitikio ukafifia. Mbegu zisipoonekana baada ya miezi 3 hadi 6, ongeza FSH. Mwenye Klinefelter (mwanamume aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada) msimtegemee hCG; seli za Leydig zenyewe zimechoka.

5. Testosteroni juu, LH chini, na anaapa hatumii kitu? Kabla ya kumshuku mambo ya gym, uliza vidonge vya nywele na kucha. Biotini, vitamini iliyomo, ikiwa nyingi huvuruga baadhi ya vipimo hivi. Asimamishe siku 3, kisha mrudie kipimo.