Mbona kila siku wanambadilishia sindano?

Daktari, mjukuu wangu wa siku tisa amelazwa kwa homa. Juzi sindano hii, leo nyingine. Wanabahatisha? (Bibi, Morogoro)

Pole sana, Bibi. Damu ikioteshwa maabara, yaani ikiwekwa ili bakteria waliomo wakue na watambuliwe, majibu kamili huchukua siku mbili tatu. Kichanga hawezi kusubiri, hivyo huanzishiwa dawa inayotarajiwa kufaa. Majibu yakionyesha bakteria ni sugu, yaani dawa hiyo haiwaui, hubadilishiwa. Shida kubwa iko hospitali zisizo na maabara ya kuotesha damu, nazo ni nyingi mno. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2007 bado unaniumiza: watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi (wenye utando wa nje unaowakinga na dawa nyingi) kwenye damu, kama Klebsiella, asilimia 43.5 walifariki. Ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha vifo kwa waliolazwa na malaria. Waliopewa dawa ambayo bakteria wao walishaishinda ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Nimekunywa amoksilini tangu utotoni. Mwili wangu umeizoea?

Hapana, mwili hauzoei. Bakteria ndio hugeuka sugu, tena hupeana usugu huo kupitia vipande vya vinasaba viitwavyo plazmidi, hata kama si wa aina moja.

Kwa nini hakuna dawa mpya?

Zipo, ila ni chache, na wanaozitengeneza hawadumu. Kampuni ya Marekani, Achaogen, ilipata kibali cha plazomisini, dawa mpya ya kuua bakteria sugu, Juni 2018. Aprili 2019 ikaomba kufilisiwa. Dawa haikuwa mbovu! Dawa ya namna hii daktari makini huitunza kabatini, aitoe pale nyingine zote ziliposhindwa, na kwa siku chache. Nani atarudisha mabilioni yake kwa kuuza kitu ambacho watu wananasihiwa wasikitumie? Uingereza, mwaka 2022, ilianza kuzilipa kampuni mbili ada ya kila mwaka, dawa itumike sana au kidogo, kama mlinzi wa usiku anavyopokea mshahara hata mwizi asipokuja. Nami naona nchi zetu zinapaswa kuungana kulipia hivyohivyo, maana dawa mpya ikikaa Ulaya peke yake, kichanga wa Morogoro haimfikii.

Namuuguza kaka yangu wodini. Nifanye nini?

Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Na kila asubuhi muulize nesi, kwa heshima, kama kanula (kimrija cha kwenye mshipa) na mpira wa mkojo bado vinahitajika, kwa sababu bakteria wa wodini hupenda kuingilia humo.