Senesio hufumba majani usiku: ni Mungu au ni baridi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Pale kambi ya Barranco kuna miti ya senesio mirefu kuliko mtu, na jioni inafumba majani. Kiongozi wetu huwaambia wageni kwamba mmea umezoea baridi, basi. Mchungaji wetu hapa Moshi anasema ni ishara ya hekima na uweza wa Mungu. Safari iliyopita mgeni aliniuliza mimi naamini lipi, nikabaki kucheka tu. Akiuliza mwingine nimjibu nini? Tena, wenzangu wengine hubandua yale majani makavu ya kwenye shina. Ni vibaya?

Mgumu wa Machame

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole na mizigo. Nilifundisha baiolojia hapa Moshi hadi nikastaafu, na Jumapili nakaa na wazee wa usharika, kwa hiyo hao wawili wote ni watu wangu. Shida ya kiongozi wako ni ile "basi". Anaacha kueleza pale utamu unapoanza.

Huko juu mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda, karibu mwaka mzima. Senesio inafumba majani ili kulifunika chipukizi la katikati, maana hilo likiganda tawi limekwisha. Ndani ya shina kuna kiini laini kinachoweka maji. Asubuhi jua limeshafika kwenye majani, ardhi bado imeganda na mizizi haivuti kitu, basi mti unakunywa akiba yake. Lobelia, mmea mwingine ulio jirani, ina njia nyingine kabisa: inakinga maji katikati ya majani yake. Usiku yanaganda juu tu, na chini ya utando ule wa barafu chipukizi linakaa salama. Chungulia alfajiri, kabla jua halijafika bondeni, utauona. Baridi ni moja, majibu mawili, na kati yao hatua chache. Mimi nilipokuwa na miguu ya kufika huko (siku hizi naishia sokoni Mbuyuni) nilisema Bwana asifiwe, wala sikuona haya.

Wewe umekulia penye mifongo, mifereji yetu ya maji. Maji yanashuka kwa sababu ya mteremko, hata mtoto anajua, na sijasikia mtu akisema kwamba kwa hiyo mfongo haukuchimbwa. Sidai huo ni uthibitisho. Kiongozi wako akisema mteremko unamtosha, mwache, hajawa mjinga. Ninachokataa ni kumweka Mungu kwenye yale tu tusiyoyaelewa.

Tazama theluji. Wengi tumekua tukiamini kwamba maji yetu yanatoka kwenye barafu ya kilele cha Kibo. Kati ya 1912 na 2007 barafu hiyo ilipungua kwa asilimia 85 hivi, na aliyeifanya kuwa ishara yake pekee ya Mungu sasa ana kazi. Waliopima wamekuta kwamba sehemu kubwa ya maji inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, msitu huohuo mnaoupita siku ya kwanza mbiombio, mkilalamikia matope. Upande wetu wa kusini, kwenye mita kama 2,200, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yanazama, yanatokeza kwenye chemchemi, yanateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Mimi ningemwonyesha mgeni msitu kwanza, theluji baadaye. Na hapo ndipo waumini wenzangu wananikera: Jumapili tunaimba habari za uumbaji, Jumatatu mtu anawasha moto pembezoni mwa msitu.

Mgeni akikuuliza tena, mweleze kwanza kinachotokea, umweleze vizuri kuliko kiongozi. Halafu mwambie unachoamini. Ukianza na imani kabla hajaliona lile chipukizi, atadhani unakwepa swali.

Majani makavu: ndiyo, ni vibaya. Yanaonekana kama takataka lakini ndiyo yanayozuia shina, na maji yaliyomo ndani yake, lisigande. Waambie wenzako wayaache. Tena ile ni hifadhi ya taifa. Askari akiwakuta, kibarua kimeota nyasi.