Maswali ya Wasomaji: Abaki Houston au Ahamie Waltham?

SWALI: Kijana wangu yuko Houston, jimbo la Texas, huu mwaka wa pili. Ni msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee na analipwa dola 16 kwa saa. Binamu yake aliye Waltham, Massachusetts, anamwita huko: dola 22 kwa saa, na Waganda wamejaa. Rafiki zake wa Houston wanamwambia Massachusetts itammaliza kwa kodi, maana Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Sasa hivi pango ni dola 1,150, na gari (mkopo, bima, mafuta) dola 690. Tumshauri nini?
Mama mzazi, Walukuba, Jinja

JIBU: Mama, hao wote wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Tuanze na slipu ya mshahara. Saa 40 kwa wiki ni kama saa 173 kwa mwezi, na Houston zinampa dola 2,768. Makato ya uzeeni na ya matibabu ya wazee ni asilimia 7.65 popote Marekani, kisha inakuja kodi ya serikali kuu. Kijana asiye na mke wala watoto hubaki na kama 2,400. Waltham, saa zilezile ni dola 3,806. Ukitoa makato hayohayo na kodi ya jimbo ya asilimia 5, anabaki na kama 3,050. Hiyo kodi inayotisha watu itamchukua kama dola 165 kwa mwezi, wakati mshahara umepanda kwa zaidi ya 1,000. Kinachomaliza pesa Massachusetts ni pango.

Akichukua chumba katika nyumba ya kushirikiana, tuseme dola 1,000, akauza gari na kununua kadi ya mwezi ya basi na treni za mjini ya dola 90, mkononi hubaki karibu 1,960. Houston leo, baada ya pango na gari, anabaki na 560. Lakini akipanga nyumba peke yake kwa dola 2,300, na gari akaling'ang'ania, zile 1,960 zinashuka hadi 60, kabla hajanunua hata kilo moja ya mchele.

Kwa hiyo swali la kumuuliza binamu ni hili: makao hayo ya wazee yako kwenye njia gani ya basi, na zamu inaanza saa ngapi? Zamu ya saa moja asubuhi siku ya Jumapili, au ile ya kutoka saa tano usiku, ndiyo huwakwamisha watu, kwa sababu Jumapili na usiku mabasi hupungua. Wengi hununua gari mwezi wa tatu, na faida yote ya kuhama huishia hapo. Apate ratiba ya zamu kwa maandishi kabla ya kukubali kazi.

Halafu kuna siku ya kuugua, ambayo sisi tunaipa uzito kuliko kodi. Massachusetts, sheria inampa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 40 kwa mwaka, na mwajiri mwenye wafanyakazi 11 au zaidi lazima azilipe. Texas haina sheria ya jimbo ya namna hiyo kwa kampuni binafsi. Ni mkataba wake unavyosema. Tena Texas haijapanua bima ya afya ya serikali ya watu wa kipato cha chini, hivyo kijana mwenye afya, asiye na mtoto, akipoteza kazi haipati hata akiwa hana senti. Massachusetts huipata kipato kikishuka vya kutosha, mradi hati zake za ukaazi zinaruhusu. Hilo alihakikishe mapema.

Asiache kazi ya Houston kabla ya mambo mawili. Kwanza, cheti chake cha usaidizi wa wauguzi hakihami chenyewe. Aombe kuhamishiwa rejesta ya wasaidizi wa wauguzi ya Massachusetts cheti kikiwa bado hai, asubiri jina lake lionekane humo. Pili, asome kipengele cha kuvunja mkataba wa pango. Akiondoka kimyakimya deni linamfuata na mwenye nyumba mwingine ataliona.

Pesa ya kuingilia Massachusetts: mwenye nyumba anaruhusiwa kudai mwezi wa kwanza, mwezi wa mwisho, amana isiyozidi mwezi mmoja, na gharama ya kufuli. Chumba cha 1,000 basi ni 3,000 na kidogo. Amana lazima iwekwe benki kwenye akaunti yenye riba, apewe risiti, na irudishwe ndani ya siku 30 baada ya kuhama. Watu wetu hupoteza pesa hii wanapomlipa mpangaji mwenzao kwa mdomo, bila mwenye nyumba kujua.

Aulize pia nani analipia joto. Kati ya tarehe 15 Septemba na 31 Mei nyumba inatakiwa iwe na nyuzi 20 mchana na kama 18 usiku, lakini mkataba wa maandishi unaweza kumtwisha mpangaji bili ya mafuta au gesi. Houston bili kubwa ni ya kiyoyozi, Julai na Agosti.

Ushauri wetu: ahame, ikiwa kazi inafikika kwa basi na yuko tayari kushirikiana nyumba miaka miwili. La sivyo abaki, atafute mwajiri wa Houston mwenye bima nzuri ya afya.

SWALI: Shemeji ananunua nyumba ya dola 300,000 Houston. Anasema hakuna kodi. Ni kweli?
Msomaji, Arua

JIBU: Kodi ya mapato ya jimbo hakuna, ya majengo ipo, na ni nzito. Mitaa mingi ya Houston hupita asilimia 2 ya thamani kwa mwaka: kama dola 6,000, yaani 500 kila mwezi juu ya mkopo. Aombe punguzo la kodi hiyo kwa nyumba anayoishi mwenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, jambo ambalo wengi walilijua baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017. Ile ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, hivyo asingoje mvua itangazwe.