Usirudi na Samahani, Rudi na Kiatu

Meseji iliingia Jumatano usiku nikiwa kwenye boda natoka kazini, sikuisoma mpaka nimefika ndani na mlango nimefunga, maana barabara ya Bombo jioni ukichomoa simu ujue mnaagana. Dada mmoja wa Arua, sura yake siijui, ameandika hivi: "Kaka habari za siku nyingi. Yule mzee wa viatu iliishaje? Mimi na mama bado tunangoja." Basi. Hakuuliza nilikuwa wapi, hakunilaumu, wala hakuweka hata kale kauso ka kulia. Nilikaa kitandani na viatu mguuni kama dakika ishirini hivi, aibu imenishika mpaka masikioni.

Maana ukweli ni kwamba tangu mwanzo wa Juni nilikuwa sijaandika kitu cha maana. Na naandika hii leo kwa sababu najua hauko mbali na mimi, wewe pia una daftari mahali fulani lina kurasa tano zimejaa na tisini nyeupe, wewe pia unataka kitabu chenye jina lako kabla hujafika arobaini, na wewe pia ulisema napumzika kidogo tu. Sasa tukae tuongee.

Kwa wale wageni: mimi kazi yangu iko Nasser Road, hapa Kampala, napanga kurasa kwa ajili ya kuchapwa. Kadi za harusi, kadi za kwanjula (ile sherehe ya utambulisho kwa wakwe), vitabu vya risiti, kalenda, na wakati wa kampeni ndio usiseme. Siku nzima nashika maneno ya watu wengine. Ya kwangu naandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, Jumamosi natoa mtandaoni. Nilianza 2018, mwaka ule ule ilipokuja kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku, na kuna watu walikuwa wananiambia kabisa ati hiyo mia mbili wanailipa Jumamosi peke yake ili wanisome mimi. Hiyo kitu ilinipanda kichwani sana, nilijiona mtu. (2021 kodi ile ikaondolewa ikaja asilimia 12 kwenye data, kwa hiyo siku hizi wanalipa bila kuniambia.)

Halafu naandika Kiswahili, Kampala hii, ambako mpaka leo ukiongea Kiswahili ndani ya taksi kuna mtu atavuta pochi yake karibu. Lugha ya wanajeshi na wezi, ndivyo tulivyokuwa tunaambiwa. Mimi baba alikuwa mwanajeshi, tumezaliwa kambini, ndio lugha tuliyochapwa nayo na kubembelezwa nayo, sina nyingine ya kuotea ndoto. Katiba inakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, baraza la mawaziri nalo likapitisha mambo yake Julai 2022, lakini nenda kamwambie kondakta.

Sasa mapumziko yenyewe. Juni baba mdogo kule Kalungu alipiga simu, kahawa imeiva, vijana wa kuchuma wamekuwa ghali, njoo. Wenzetu wa Ulaya wana summer yao ya kwenda baharini, sisi huku Juni mpaka Agosti ni kiangazi tu, vumbi na jua, na jua lenyewe ndilo la kuanikia kahawa. Nikatangaza kwa mbwembwe: napumzika wiki mbili, nitarudi na moto. Nikapanda gari, nikala kuku na gonja, ndizi za kuchoma, pale Lukaya njiani kama mtu aliyeshinda uchaguzi, nikafika.

Wiki mbili zikawa tatu, zikawa tano. Kahawa haikuachii, nakwambia. Unachuma zile nyekundu peke yake, ukichanganya na mbichi baba mdogo anakuangalia tu bila kusema na hiyo ni mbaya kuliko matusi, unamwaga kwenye turubai, unageuza, wingu likitokea unakimbia kufunika, wingu likiondoka unafunua, usiku unalala kama gogo. Nilijua kiboko ni kahawa kavu yenye maganda yake, lakini sikuwa nimeona kwa macho yangu inavyopungua mashineni: gunia unapeleka limevimba, ukikoboa inabaki kama nusu na kidogo, iliyobaki ni makapi. Hii ikumbuke, narudi kwayo. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, siku ambayo kila mwaka lazima niandike, ilinikuta juu ya turubai na reki mkononi na nilikumbuka saa tatu usiku. Nikasema aa, kesho. Julai iliyobaki sina cha kusimulia.

Niliporudi Kampala mwezi wa nane nilikuta uvivu umehamia kwangu na godoro lake. Na hapo ndipo jamaa mmoja, rafiki yangu, mtu ambaye mswada wake mimi niliupanga kurasa zote bure, bure kabisa, ananiambia mezani mbele ya watu: "Kwani ulikuwa bado unaandika? Mimi nilidhani uliacha kitambo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nimemsamehe, ila siku kitabu changu kikitoka atanunua kwa bei ya kila mtu.

Basi kwa hasira nikarudi nyumbani nikaandika makala ya kurudi. Ilikuwa ndefu! Samahani wapendwa wasomaji, nilikuwa na majukumu ya kifamilia, mara afya, mara mtandao, nikaeleza kahawa, nikaeleza uchovu, halafu nikaahidi kwamba kuanzia sasa mtanipata mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mtu aliyeshindwa Jumamosi moja anaahidi siku tatu. Unajua nilipata majibu mangapi? Mawili. La kwanza lilisema "karibu tena", la pili lilikuwa la mtu anauza viwanja Mukono. Jumatatu ikafika sina kitu, Jumatano sina kitu, na sasa deni lilikuwa limeongezeka, nikaanza hata kukwepa kompyuta yangu mwenyewe kama mtu anayekwepa duka alilokopa sukari. Wiki tatu nyingine zikaenda hivyo.

Ndio maana nakwambia, kilichonifunga mikono baada ya Agosti haikuwa kahawa. Ni ile samahani. Ukiomba msamaha kwa kelele unajipa kesi, na ukishajipa kesi unataka makala ya kwanza iwe kubwa kiasi cha kulipia kimya chote, na makala ya namna hiyo haipo, hakuna aliyewahi kuiandika. Wasomaji wako wana ada za shule na kodi ya nyumba, hawakukaa dirishani wanakuangalia barabarani. Nilipoelewa hivyo iliniuma kwanza, halafu ikanipa nafuu.

Sasa turudi kwa meseji ya Arua. Mwezi wa tano nilikuwa nimeandika sehemu mbili kuhusu mzee mmoja fundi viatu karibu na Old Taxi Park, Mnubi wa Bombo, ambaye amening'iniza kwenye mwavuli wake viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Vingi ni kimoja kimoja, maana mtu anaharibikiwa mguu mmoja analeta huo tu, mwingine unabaki nyumbani. Kulikuwa na kiatu kimoja cha kike, cha mguu wa kulia, chekundu, kilichokuwa pale zaidi ya vyote, na sehemu ya pili niliimalizia na "nitawaambia wiki ijayo kiatu hicho ni cha nani". Halafu nikaenda kula kuku Lukaya.

Alhamisi baada ya kazi nikaenda kumtafuta. Pale pa zamani nikakuta kijana anauza chaja na earphone. Mzee? Kahama. Kahamia wapi? Kila mtu ananionyesha upande wake. Nikazunguka mpaka giza, rolex moja, ile chapati ya mayai, nikala nimesimama, Ijumaa nikaenda tena, nikamkuta mtaa wa Kisenyi chini ya mwavuli ule ule, viatu vimening'inia, chekundu hakipo.

Nikamwamkia, nikauliza hata kabla sijakaa. Mzee kile kiatu je?

"Nilikiuza," anasema, anaendelea kuvuta uzi. "Julai. Alikuja mama mmoja anatembea na mkongojo, ana mguu mmoja tu, wa kulia. Akakiona. Namba ikamtosha. Kijana, miaka yote ile mimi nangoja mwenyewe arudi, kumbe mwenyewe hajafika bado."

Nilishindwa hata kuandika kwenye daftari. Hebu fikiria, kama Juni ningekaza shingo nikaandika sehemu ya tatu kwa sababu ni Jumamosi, ningetunga kitu, ningeweka machozi kidogo na mwanamke aliyesafiri kwenda Juba, na mwisho wenyewe ulikuwa bado hautokei. Usiku huo nikaandika kurasa kumi na moja. Asubuhi nikakoboa, zikabaki sita. Jumamosi nikatoa bila salamu, bila nilikuwa wapi, sentensi ya kwanza ni "Kiatu chekundu kimepata mguu". Mpaka jioni simu ilikuwa ya moto, watu wa Busia, watu wa Jinja, hadi mtu wa Bukavu ambaye sikujua kwamba ananisoma, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyeniuliza nilikuwa wapi. Yule rafiki wa mezani naye aliisoma, najua, ziliniambia zile alama mbili za bluu. Kimya.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huo, sina mwingine mkubwa. Rudi na kitu kidogo. Tafuta ulichokiacha nusu na uanzie hapo hapo kama mtu aliyetoka kwenda chooni akarudi. Usitangaze ratiba, ratiba mwambie mkeo au mumeo, na yeye pia mwambie kwa sauti ya chini. Andika kabla hujafungua simu, maana ukifungua utakuta mwenzako katoa kitabu na siku imeharibika. Na kitu kiwe kidogo, nimeshasema lakini narudia kwa sababu najua hujanisikia, tayari unapanga mfululizo wa sehemu kumi na mbili. Ndugu yangu, acha. Kuandika ni kama swala, huwezi kuzikusanya za miezi mitatu ukaziswali leo halafu ukapumzika tena mpaka Desemba. Kipaji bila kukaa kwenye kiti ni mapambo tu, na wengi wetu tumejaa mapambo. Nasema kwa ukali kwa sababu na mimi nimo.

Nilisahau kitu kimoja. Ile Ijumaa nilipokuwa naondoka mzee akaniita, "We kijana, na chako?" Nikageuka. Kati ya viatu vilivyoning'inia kulikuwa na cheusi cha kiume, cha kushoto, nilikipeleka mwenyewe kabla ya Kalungu kibadilishwe soli nikakisahau kabisa. Soli elfu tano, na elfu tatu ya kukilea, hakutaka kupunguza. Nikalipa, nikakibeba mpaka nyumbani kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikamuuliza mama watoto mwenzake uko wapi.

Aliutupa Agosti. Anasema aliona uko peke yake.

Basi kipo hapa, cha kushoto, namba 42, soli mpya kabisa. Kama unamjua mtu.