Jibu: Boksi usitupe, na fundi mwambie asije

Mkuu hilo boksi liache hapohapo lilipo. Nimesoma mpaka pale unaposema skrini ya kompyuta imefika imepasuka kona, umepiga simu huduma kwa wateja ya kampuni iliyoleta mzigo wamekwambia "tumepokea, subiri", kwa hiyo leo unatoa takataka na kesho fundi anakuja kuifungua, hapo nikashindwa kuendelea. Usitoe kitu. Boksi, sponji za pembeni, ile nailoni ya mapovu, gundi ya karatasi iliyofungia, mpaka kipande cha lebo kilichobanduka, vyote vibaki. Na fundi mpigie sasa hivi.

Mimi niliagiza kinanda cha muziki, kikaja vitufe vimevunjika na boksi limebonyea upande mmoja utadhani mtu alilikalia njia nzima. Nikapiga simu, akapokea dada mmoja mpole kweli, nikamuuliza waziwazi, dada hili boksi nalitunza au? Akajibu hamna haja, piga picha za kinanda, tuma kwa imeili, inatosha. Sasa nani angebisha, mtu anafanya kazi palepale, ndiye anayejua taratibu zao. Boksi likaenda. Baada ya muda ikaja imeili kutoka idara ya madai, wanaomba kifungashio cha nje na cha ndani ili wakague. Nikawaambia mtu wenu mwenyewe kasema hakihitajiki. Wakasema maongezi hayo hawana kumbukumbu nayo. Faili likafungwa, sababu wakaandika ufungaji hafifu. Ufungaji hafifu wa boksi ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliona!

Bado linaniuma hilo jambo. Unalipwa mshahara kupokea simu za watu waliopata hasara, halafu unawapa ushauri ambao mwenzako ghorofa ya pili anautumia kuwanyima fidia. Na ukipiga unasikia kabisa sauti inasema simu hii inarekodiwa, lakini siku unaiomba hiyo rekodi, haipo. Kwa hiyo wakikwambia lolote kwa simu, kata, andika imeili hapohapo: "nimeongea na fulani saa fulani, kasema hivi na hivi, naomba mthibitishe." Wasipojibu, angalau ya kwako ipo na ina tarehe.

Sasa elewa kwa nini nakukazania boksi. Mizigo inayosafiri kwa ndege toka nchi moja kwenda nyingine kwa hizi kampuni za vifurushi, mingi inaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999 (ya posta ina taratibu zake). Mkataba unasema mzigo ukiharibika ukiwa mikononi mwa msafirishaji, anawajibika, isipokuwa athibitishe kwamba uharibifu umetokana na mambo machache yaliyotajwa, na mojawapo ni ufungaji mbovu uliofanywa na mtu mwingine. Hapo ndipo wanapokimbilia wote, hata kwa mizigo ya ndani ya nchi, fungua masharti ya kampuni yoyote utakuta kipengele cha ufungaji. Lakini ona, anayetakiwa kuthibitisha ni yeye. Boksi likiwepo ana kazi ngumu, maana tundu la nje linaonekana, kona iliyobonyea inaonekana, na sponji nene ya ndani inaonyesha aliyefunga alifunga vizuri. Boksi likiwa limeshachomwa anaandika anachotaka na wewe huna cha kumwonyesha.

Piga picha pande zote sita, siyo ile ya mbele tu. Piga lebo isomeke namba ya mzigo na uzito. Kwenye tundu au mbonyeo weka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Rudisha skrini ndani kama ilivyokuja kisha piga kwa juu, waone sponji ilikuwa na unene gani kati ya kioo na ukuta wa boksi, hicho ndicho wanachokitafuta wakija kukagua. Chini ya boksi angalia kama kuna muhuri wa mtengenezaji wa boksi unaoonyesha uzito ambao boksi linabeba, kama upo ni silaha, piga. Halafu weka kila kitu juu ya kabati mpaka pesa iingie, siyo mpaka wakwambie "madai yamepokelewa".

Fundi ndio kabisa. Akishagusa bisibisi watasema kioo kimepasukia kwake. Makadirio ya gharama ya matengenezo yatahitajika, ila baada ya ukaguzi, au baada ya wao kukuandikia kwamba hawaji kukagua.

Na kupiga simu siyo kulalamika. Huo mkataba unataka malalamiko ya maandishi, mara tu unapogundua, na mwisho kabisa siku 14 tangu upokee. Zikipita, mlango umefungwa, labda kuwe na udanganyifu upande wao. Kama ulisaini kwamba umepokea salama usikate tamaa, saini inawapa wao pa kuanzia tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi, na ushahidi wenyewe ndio hilo boksi unalotaka kulitupa.

Uliuliza kama watalipa pesa yote. Inategemea. Kama aliyetuma mzigo hakulipia nyongeza ya kumtangazia msafirishaji thamani yake, kikomo kinahesabiwa kwa kilo: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, kabla ya hapo ilikuwa 22. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), kila siku kina bei yake. Mzigo wa kilo 6 unaishia SDR 156 hata kama skrini ni ya bei mara tano ya hiyo. Na thamani iliyojazwa kwa ajili ya forodha siyo tangazo hilo, ni vitu viwili tofauti, watu wengi wanachanganya.

Muuzaji naye akikwambia "tupa tu nakutumia nyingine", mwambie aandike, na usitupe mpaka hiyo nyingine uishike mkononi.

Kapige picha leo hii kabla mtu wa nyumbani hajaamua kufanya usafi, halafu uniambie lebo imeandikwa kilo ngapi.