Mstari unaopanda unawezaje kuwa na "mteremko wa 2"?

SWALI: Kitabu cha hisabati cha mwanangu kinasema mstari unaopita kwenye nukta (2, 3) na (6, 11) una mteremko wa 2. Nimeuchora, unapanda! Kwa Kiswahili nijuacho, kuteremka ni kushuka. Si ingefaa tuseme "mwinuko"? Na kwa nini tugawe badiliko la y kwa badiliko la x, isiwe x kwa y?

JIBU: Kwa Kiswahili cha barabarani uko sahihi. Dereva anayetoka Mikumi kwenda Iringa anapandisha mlima Kitonga, na akirudi ndipo anapoteremka. Barabara ni ileile, jina linafuata anakoelekea. Kwenye grafu hakuna msafiri, kwa hiyo watu wa hisabati wamekubaliana kuusoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia, upande ambao x inaongezeka, na kazi ya kutaja kupanda au kushuka wakaiachia alama. Mteremko chanya unapanda, mteremko hasi unashuka, sifuri ni mstari wa mlalo. Neno limebaki kuwa jina la kipimo tu.

"Mwinuko" nisingeushauri. Wanajiografia wameshauchukua kwa maana ya kimo kutoka usawa wa bahari, na hata ukiuhamishia hapa utakutana na "mwinuko wa -2" kwa mstari unaoshuka, tatizo lilelile limegeuzwa kichwa chini. "Mwinamo" unavumilika. (Ule mteremko wa mtaani, wa kupata mambo bila jasho, tuuache huko huko.)

Kuhusu kugawa: tungeweza kabisa kugeuza, na hisabati isingeharibika. Mstari wako ungekuwa na nusu badala ya 2, wa wima ungekuwa na sifuri, na wa mlalo ndio ungekosa jibu kwa sababu asili ya sehemu (namba ya chini) ingekuwa sifuri. Lakini tumezoea kuiacha y itegemee x. Weka kilo za sukari kwenye x na shilingi kwenye y: y kwa x ni bei ya kilo moja, jambo ambalo mnunuzi anataka kulijua. Ukigeuza unapata kilo ngapi kwa shilingi moja, namba sahihi isiyomsaidia mtu dukani. Tena kwa mpangilio huu ardhi tambarare inapata sifuri, kama mtu yeyote anavyotarajia. Hata herufi m, inayosimama badala ya mteremko katika y = mx + c, ni mazoea: Waswidi huandika k, na Wafaransa wengi a.

Ukikokotoa, toa kwa mpangilio mmoja juu na chini. (11 − 3) kwa (6 − 2) ni 8 kwa 4, yaani 2. Ukianza na nukta ya kwanza kote, −8 kwa −4, bado ni 2. Anayechanganya, 11 − 3 juu na 2 − 6 chini, anapata −2, na mstari unaopanda unageuka kuwa unaoshuka. Hapo mchoro ndio unaomuumbua.

Mafundi nao wana makubaliano yao. Fundi bomba akisema "moja kwa arobaini", bomba la maji machafu linashuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za mlalo, yaani sentimita 2.5 kwa mita. Haandiki alama ya kutoa, maana hakuna anayetaka maji machafu yapande. Kibao cha barabarani cha asilimia 10 ni mita 10 za wima kwa mita 100 za mlalo, sawa na pembe ya karibu digrii 5.7. Na asilimia 100 si ukuta, ni digrii 45.

Penye hatari ni kingo za tuta la barabara. Michoro mingine hutanguliza wima, mingine mlalo. "1:2" ikiwa wima kwa mlalo ni pembe ya digrii 26.6 hivi, ikisomwa kinyume inakuwa 63.4, na udongo wa kawaida hausimami hapo, mvua ya kwanza inauporomosha. Kwa hiyo kwenye maandishi ya ujenzi usiandike "mteremko wa 1:2" ukaishia hapo. Andika "wima 1 kwa mlalo 2".