Beseni la maji kwenye maonyesho ya vinyago

Mwaka wangu wa kwanza wa kupokea wageni kwenye maonyesho ya sanaa hapa Arusha, niliwachosha watu. Nilikuwa nimekariri kila kitu: Edward Saidi Tingatinga kazaliwa 1932, kaanza kuchora Dar es Salaam 1968, kafariki 1972. Nikigeuka, wanafunzi wanaangalia mlango. Iliniuma, maana picha zile nazipenda.

Kama unaandaa maonyesho, nakusihi ujifunze kunyamaza. Msimamishe mgeni mbele ya kazi moja, mwulize anaona nini, kisha msubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Kile kimya kitakutia jasho, usikikatishe.

Siku moja mama muuza ndizi wa soko la Kilombero alimfuata mjukuu wake hadi mlangoni, akasita. Wengi wetu tunaamini makumbusho ni ya watalii.

"Shikamoo mama, karibu ndani. Hawa watu unawaonaje?"

Nilimwonyesha kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, kile cha watu waliopandana wakibebana. Akakizunguka mara mbili.

"Huyu wa chini kachoka, mwanangu. Mbona hakuna anayemwangalia?"

Hapo ndipo nilipomweleza kwamba watu wote wale wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Akamwita mjukuu aje ahesabu vichwa. Walikaa pale muda mrefu kuliko mgeni yeyote wa wiki ile, na jioni nilibandua kibandiko chenye vipimo, nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: "Nani anambeba nani?" Vipimo nikavishusha chini kwa herufi ndogo. Tangu hapo watu wakawa wanabishana mbele ya kinyago, na mabishano hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Watoto wanataka kushika, na wana haki. Kazi yenyewe haishikwi, basi wape malighafi yake. Omba kwa wachongaji vipande vya mpingo vilivyobaki, vile vyenye ganda jeupe nje na moyo mweusi. Weka beseni la maji, kipande cha paina na kipande cha moyo wa mpingo, uwaulize kipi kitaelea. Watasema vyote, kwani mti ni mti. Mpingo unazama puu! Hutahitaji kuwaeleza ugumu wa kuuchonga, watakuuliza wenyewe. Kwa picha za Tingatinga, paka rangi ya mafuta inayong'aa kwenye kipande cha hadibodi, wapapase waone alichora juu ya kitu gani.

Kabla ya kufungua, piga magoti upite chumba chote kwa kimo cha mtoto wa darasa la pili. Picha usizoziona vizuri, zishushe. Pita tena saa nane mchana, maana jua la dirishani hufanya vioo viwe vyeupe. Na tafuta benchi, hata la kuazima. Wazee hawaangalii sanaa huku magoti yanauma.

Beseni likae karibu na mlango, mbali na vinyago, na taulo kando yake. Maji yabadilishe kila asubuhi.